Nishani Zilizosahauliwa Daftarini

Tarehe 7 Agosti mwaka 1782, katika kambi ya Newburgh kando ya mto Hudson, George Washington, ambaye siku zile hakuwa bado rais wa taifa bali amirijeshi wa askari waliochoka, waliokuwa wakidai mishahara ya miezi mingi na wasiojua kwa hakika kama vita vyao vimekwisha au havijakwisha, alitoa amri ya kuanzisha alama ya sifa kwa askari wa kawaida: moyo wa kitambaa cha zambarau, uliotiwa utepe mwembamba ukingoni, ushonwe juu ya kifua cha kushoto cha mtu aliyetenda tendo la ushujaa wa pekee au la uaminifu uliopita kiasi. Katika majeshi ya Ulaya ya zama zile heshima za namna hiyo aghalabu zilikuwa mali ya maofisa na watu wa nasaba, na kwa sababu hiyo wanahistoria wengi huitaja amri ile kwa kuisifu. Lakini mimi, kila nisomapo habari zake, macho yangu hutua juu ya kifungu kingine, ambacho wengi hukipita mbio: kwamba jina la askari, kikosi chake na tendo alilotenda viandikwe katika daftari maalumu, Kitabu cha Sifa, na daftari hilo liwekwe katika ofisi ya makarani wa jeshi. Askari watatu tu ndio wanaojulikana kwa yakini kuwa walipewa moyo ule, nao ni Elijah Churchill, William Brown na Daniel Bissell. Kama walikuwapo wengine, majina yao yalikuwa katika Kitabu cha Sifa. Na Kitabu cha Sifa kilipotea, wala hakijaonekana mpaka leo.

Basi tangu siku ya kwanza nishani ya Marekani ilikuwa na makazi mawili, kifua na daftari. Ile ya kifuani yaweza kuibwa, yaweza kupotea safarini, yaweza hata kuuzwa siku ya njaa, na mwenyewe akaomba nyingine akapewa. Lakini ile ya daftarini ikikosekana, ile ya kifuani hubaki pambo tupu lisilo na shahidi, kwa kuwa daftari ndilo linaloulizwa na hospitali mkongwe aendapo kutibiwa jeraha lake, ndilo linaloulizwa na ofisi ya pensheni mjane afikapo mlangoni na buibui lake la msiba, na ndilo linaloamua ni maneno gani yatakayochongwa juu ya jiwe la kaburi. Askari aliyepigana na ambaye hakuandikwa, mbele ya serikali ni kama hakupigana. Historia ya kusahihisha madaftari hayo, ili yataje nishani ambazo kwa haraka, kwa ghafula ya maafa au kwa ubaya wa nyoyo hazikutajwa, ndiyo ninayotaka kuisimulia hapa.

Kwa muda mrefu hapakuwa na mlango wa kupeleka malalamiko ya namna hii. Askari wa Marekani wa karne ya kumi na tisa aliyeona kuwa cheti chake cha kuachishwa jeshi kina kosa alikuwa na njia moja tu iliyokuwa na nguvu, nayo ilikuwa kumwendea mbunge wake, akamsihi apeleke katika Bunge muswada wa sheria kwa ajili yake yeye peke yake, wabunge wa nchi nzima wakae, waujadili, waupigie kura, na rais autie sahihi, ili neno moja ndani ya jalada la mtu mmoja libadilishwe. Miswada ya aina hiyo iliongezeka kwa maelfu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na ni wazi ni nani aliyeweza kufaidi njia hiyo: mwenye jamaa, mwenye kalamu, mwenye jina linalojulikana wilayani. Mkulima asiyejua kusoma, au mtumwa wa jana aliyevaa sare ya jeshi na kuivua akiwa mtu huru lakini fukara, mlango ule kwake ulikuwa ukuta.

Tena si kuandikwa tu kulikokuwa na taabu. Kufutwa nako kulikuwa rahisi. Nishani ya Heshima, iliyoanzishwa wakati wa vita hivyo na ambayo ndiyo kuu kupita zote, ilitolewa mwanzoni pasipo kipimo kilicho thabiti, hata kikosi kimoja cha Maine, cha 27, kikapata nishani 864 ilhali askari waliokubali kubaki siku chache zaidi kuulinda mji wa Washington walikuwa mia tatu hivi. Mwaka 1916 Bunge liliamuru orodha nzima ipitiwe upya na baraza la majenerali waliostaafu, chini ya Jenerali Nelson Miles, na mwaka uliofuata majina 911 yakafutwa. Katika hayo lilikuwamo jina la Dakta Mary Walker, tabibu aliyewahudumia majeruhi mstari wa mbele, akatekwa na adui mwaka 1864 na kukaa kifungoni miezi minne. Hoja ya kumfuta haikuwa kwamba hakustahili, bali kwamba alikuwa tabibu wa mkataba, si askari aliyeandikishwa. Bibi huyo, aliyekuwa amekwisha pita umri wa miaka themanini, alikataa kuirudisha nishani yake, akaivaa kila siku mpaka alipofariki mwaka 1919. Kifua chake kikasema hivi na daftari likasema vile, na ugomvi huo ulidumu muda wa miaka sitini, mpaka mwaka 1977 jina lake liliporudishwa. Chombo kilichopendekeza lirudishwe hakikuwapo katika uhai wake.

Chombo hicho kilizaliwa tarehe 2 Agosti 1946, kwa sheria ya kutengeneza upya kazi za Bunge. Wabunge walikuwa wamechoka na miswada ya mtu mmoja mmoja, na mbele yao waliona watu milioni kumi na sita waliotumika katika vita vilivyokuwa vimekwisha mwaka uliotangulia. Wakajikataza wenyewe kuipokea tena miswada ya kusahihisha kumbukumbu za jeshi, na wakawapa mawaziri wa majeshi mamlaka ya kuzisahihisha kwa msaada wa mabaraza ya raia. Hilo la raia ni jambo la hekima ambalo halisifiwi inavyostahili. Mkuu wa jeshi hapewi kuihukumu kalamu ya karani wake mwenyewe. Watu watatu au zaidi, wasiovaa sare, huketi na kulisoma jalada na kuuliza maswali mawili: je, pana kosa katika kumbukumbu hizi, na kama si kosa, je, pana dhuluma? Neno hili la pili ndilo kubwa. Karatasi yaweza kuwa sahihi kwa kila herufi, imefuata kanuni zote za siku yake, na bado ikawa imemdhulumu mtu. Na sheria ya 1946, kama ilivyokaa hata leo, inaliruhusu baraza kuiondoa dhuluma hiyo sawasawa na inavyoliruhusu kuondoa kosa la mwandiko. Muda wa kulalamika uliwekwa kuwa miaka mitatu tangu mtu alipoligundua kosa, lakini baraza laweza kuusamehe muda huo kwa ajili ya haki, na kwa hakika vikongwe wengi wamesikilizwa miaka hamsini na sitini baada ya kuvua sare zao.

Mtu aweza kuuliza, ilikuwaje nishani zikose kuandikwa kwa wingi namna hiyo, katika jeshi la nchi tajiri lenye makarani na mashine za kupiga chapa kila kambi? Jawabu la kwanza ni haraka. Katikati ya mwaka 1945 jeshi la nchi kavu la Marekani lilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Mwaka mmoja baadaye walikuwa chini ya milioni 2. Mamilioni hayo yalipita mbele ya meza za makarani, kila mtu akiwa na mkoba begani na nyumba yao machoni, na karani akinakili kutoka karatasi zilizochakaa safarini, au akiuliza kwa kinywa na kuandika alichojibiwa. Ambaye angesimama kudai utepe mmoja uliosahauliwa angeambiwa angoje mpaka majibu yatoke kikosini kwake, na kikosi chake pengine kimekwisha vunjwa. Wengi hawakutaka kungoja. Na hapa pana jambo la kusikitisha ambalo watu wamelisahau: zamu ya kurudi nyumbani yenyewe ilikuwa ikipangwa kwa alama, mwezi mmoja wa utumishi alama moja, mwezi mmoja ng'ambo alama moja zaidi, mtoto mmoja alama 12 mpaka watoto watatu, na kila nishani ya ushujaa au ya jeraha au nyota ya kampeni alama 5; na mwanzoni aliyefikisha 85 ndiye aliyepanda meli. Karani aliyesahau nishani mbili alikuwa amemwondolea askari alama kumi, na alama kumi zilitosha kumchelewesha mtu ugenini akila kiapo kila jioni kwamba amesahauliwa.

Jawabu la pili ni kwamba nyingine zilitolewa baada ya wenyewe kwisha kuondoka. Mwaka 1947 Idara ya Vita iliamua kwamba kila askari wa miguu aliyekuwa amepata beji ya mpiganaji katika vita vile, na kila tabibu wa mstari wa mbele aliyepata beji ya namna yake, astahili pia Nyota ya Shaba. Ulikuwa uamuzi wa insafu, kwa maana watu wale ndio waliolala matopeni na ndio waliokufa kwa wingi, na nishani zao zilikuwa chache kuliko za marubani. Lakini wakati amri inatoka, mwenye kustahili alikuwa analima Iowa au anachimba makaa Pennsylvania, na cheti chake kilikuwa kimekwisha tiwa sahihi na kufungiwa kabatini. Nyota ile ilikuwa yake kwa sheria, naye hajui. Wapo waliokufa pasipo kujua, na wapo ambao wajukuu wao, wakipekua sanduku baada ya mazishi, waliona beji ya rangi ya samawati yenye sura ya bunduki, wakauliza kwa wajuao, na ndipo familia ikapata kujua kuwa mzee alikuwa na haki ya nishani ambayo hakuwahi kuitia mkononi. Mambo kama hayo yaliwapata waliopigana Korea: serikali ya nchi ile ilitaka kuwapa nishani yake tangu mwaka 1951, na Marekani haikuikubali rasmi mpaka 1999, wakati ambapo vyeti vyao vilikuwa na umri wa karibu nusu karne.

Jawabu la tatu ni moto.

Katika viunga vya mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, serikali ilikuwa imejenga jumba kubwa la orofa sita, lililobuniwa na msanifu Minoru Yamasaki, na humo ikakusanya majalada ya watu wote waliopata kutumika katika majeshi yake tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Orofa zake zilikuwa pana kama viwanja, hazina kuta za kuzuia moto, wala darini hamkuwa na mabomba ya kunyunyiza maji, kwa kuwa wakati wa ujenzi wataalamu walibishana kuhusu kipi kiharibucho karatasi zaidi, maji au moto, na walioyahofu maji wakashinda. Usiku wa manane wa tarehe 12 Julai 1973 orofa ya sita ikashika moto. Wazima moto wa wilaya 42 waliitwa; moto uliwaka saa 22 bila kudhibitiwa, na haukutangazwa kuwa umezimika kabisa mpaka siku ya tano. Asili yake haikupata kujulikana kwa yakini. Majalada yaliyoteketea yanakadiriwa kuwa baina ya milioni 16 na milioni 18: asilimia 80 ya yale ya askari wa nchi kavu walioachishwa baina ya Novemba 1912 na Januari 1960, na asilimia 75 ya yale ya askari wa jeshi la anga walioachishwa baina ya Septemba 1947 na Januari 1964, ambao majina yao kwa mfuatano wa herufi yalikuja baada ya jina la Hubbard. Nakala haikuwapo. Hata orodha ya kuonyesha ni majalada ya nani yaliyokuwamo haikuwapo, hivyo haikuwezekana kuandika orodha kamili ya waliopotea.

Fikiri, msomaji, maana ya jambo hilo. Mtu wa jina linaloanza kwa A aliyerusha ndege mwaka 1955 alibaki na maisha yake ya ujana yote kamili, kila homa, kila likizo, kila nishani. Na mwenzake aliyeketi kiti cha nyuma yake, kwa kuwa ukoo wake uliitwa jina linaloanza kwa S, akawa amegeuka jivu. Wala hakuwa amefanya lolote la kumstahilisha hayo ila kuzaliwa na jina lake.

Yaliyofuata katika siku zile ni kazi ambayo naiona kuwa tukufu, ingawa hakuna aliyepigiwa mizinga kwa ajili yake. Karatasi zilizookolewa zilikuwa zimelowa maji ya mabomba, na katika joto la Julai kuvu ilianza kuota mara moja. Zikanyunyiziwa dawa ya kuzuia kuvu, zikatiwa katika makreti, zikapelekwa katika kiwanda cha ndege cha McDonnell Douglas mjini humo, ambako palikuwa na chumba cha kutolea hewa kilichotumika katika kazi za safari za angani, zikakaushwa humo tani kwa tani. Majalada milioni 6.5 hivi yaliokolewa, mengine yamebabuka ukingoni kama mkate wa jikoni, na tangu wakati huo watu wenye glavu na brashi laini wamekuwa wakiyafungua moja moja kila liombwapo. Na pale ambapo halikubaki hata jivu, makarani walijifunza kuyatafuta maisha ya mtu kwa kando, kama mwindaji afuataye nyayo palipokosekana mnyama: hati ya malipo ya mwisho, inayothibitisha kuwa fulani alikuwapo na aliachishwa siku fulani, taarifa ya kila asubuhi ya kombania, ambamo karani aliandika nani amejeruhiwa na nani amerudi, madai yaliyopelekwa kwa ofisi ya wakongwe wa vita, na tepu za hospitali za vita za miaka 1942 mpaka 1945 na 1950 mpaka 1954, zilizogunduliwa mwaka 1988, ambazo zilikuwa zimeandikwa kwa ajili ya takwimu za matibabu tu, kwa namba za askari pasipo majina, lakini zikawa shahidi kwamba mwenye namba hii alilazwa siku hii kwa jeraha la risasi. Kwa ushahidi wa tepu kama hizo watu wamepata nishani ya jeraha, Moyo wa Zambarau, ambao ulikuwa umefufuliwa mwaka 1932 kwa kumbukumbu ya ule wa Newburgh.

Hata hivyo siwezi kuuacha moto ubebe lawama yote, maana moto hauna chuki. Zipo nishani zilizokosekana kwa sababu ya rangi ya mtu.

Henry Johnson alikuwa mchukuzi wa mizigo katika stesheni ya reli ya Albany, jimbo la New York, mtu mfupi wa umbo, mwenye asili ya Winston-Salem upande wa kusini. Mwaka 1917 alijiandikisha katika kikosi cha watu weusi wa New York ambacho baadaye kiliitwa cha 369, na kwa kuwa majenerali wa Marekani hawakupenda kuwapanga watu weusi bega kwa bega na weupe, kikosi hicho kilitolewa kwa jeshi la Ufaransa, kikapewa bunduki za Kifaransa na kofia za Kifaransa. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei 1918, katika msitu wa Argonne, yeye na mwenziwe Needham Roberts walikuwa zamu ya ulinzi waliposhambuliwa na kundi la Wajerumani wapatao dazeni mbili. Roberts alijeruhiwa upesi. Johnson alitupa makombora ya mkono mpaka yakaisha, akapiga risasi mpaka bunduki ikakwama, akaishika kwa mtutu akapiga kwa kitako mpaka kikapasuka, kisha, alipoona adui wanamkokota mwenziwe kwenda naye mateka, akachomoa kisu kizito cha kukatia miti, akawarukia. Wajerumani wakakimbia. Yeye alibaki na majeraha 21. Wafaransa wakampa Msalaba wao wa Vita, akawa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kuupata. Na mwezi Februari 1919, kikosi chake kilipopita kwa gwaride katika mtaa wa Fifth Avenue mjini New York, alipandishwa katika gari la wazi na watu wakamshangilia kwa jina lake.

Kisha akaachishwa jeshi, na kumbukumbu za kuachishwa kwake hazikutaja jeraha hata moja. Majeraha 21 yalikuwa juu ya mwili, na karatasini hapakuwa na kitu. Mtu aliyekuwa na vyuma mguuni hakuweza tena kubeba mizigo stesheni, na posho ya mlemavu kwa ajili ya majeraha yale hakuipata, kwa kuwa daftari halikuyajua. Alikufa mwaka 1929, fukara, na jamaa walidhani kwamba alizikwa kaburi la maskini. Mwanzoni mwa karne hii ikagunduliwa kuwa siku zote hizo alikuwa amelala katika makaburi ya mashujaa ya Arlington, na hakuna aliyekuwa anamzuru kwa sababu hakuna aliyejua. Moyo wa Zambarau alipewa mwaka 1996, miaka 67 baada ya kufa kwake. Msalaba wa Utumishi Uliotukuka ukafuata miaka michache baadaye. Lakini Nishani ya Heshima ilikataliwa kwa hoja kwamba ushahidi wa wakati ule ule wa vita haukutosha. Ndipo msaidizi wa seneta mmoja wa New York, akipekua, akaiona barua ya habari ya Jenerali Pershing mwenyewe, amirijeshi wa Marekani katika vita vile, iliyoandikwa siku chache baada ya pambano na kulisimulia tendo la Johnson. Karatasi hiyo ilikuwapo muda wote. Tarehe 2 Juni 2015 Rais Obama aliitoa Nishani ya Heshima, na aliyeipokea hakuwa ndugu wa marehemu bali mwanajeshi wa walinzi wa jimbo la New York.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuna budi kuisikia habari hii kwa masikio mengine. Jina la Kariakoo, ambalo Dar es Salaam nzima hulitaja kila siku iendapo sokoni, ni kovu la vita vile vile vya 1914 mpaka 1918: ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, lililotafunwa na ulimi wa Kiswahili, nasi tunanunua ndizi na vitambaa mahali walipowekwa watu waliobeba vita vizima vichwani mwao. Sanamu ya askari iliyosimamishwa katikati ya mji huo mwaka 1927 haimtaji askari wala mpagazi yeyote kwa jina. Mwaka 2021 tume ya Kiingereza ya makaburi ya vita ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa vita vile, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Husimuliwa pia kwamba serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilipopeleka fedha Mwanza mwaka 1964 kuwalipa wazee waliopata kuwa askari wa Lettow-Vorbeck, amirijeshi wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, waliokuja na hati walikuwa wachache mno, na mlipaji akaamua kumpa kila mzee mpini wa ufagio na kumwamrisha gwaride kwa Kijerumani; wakageuka kulia, wakageuka kushoto, wakainua silaha, miaka 46 baada ya vita, hakuna aliyekosea. Mimi naiamini hadithi hiyo kwa kuwa najua namna amri inavyokaa katika mwili wa mtu kuliko katika karatasi. Lakini Henry Johnson hakuwa na wa kumpa mpini wa ufagio. Na wapagazi wetu, ambao majina yao hayakuandikwa tangu mwanzo, hata baraza lenye nia njema kupita yote lisingekuwa na daftari la kuwasahihishia.

Kisa cha mwisho nitakachosimulia ni cha Sajini Edward Carter, maana ndicho kinachoonyesha mwisho wa njia hii kwa ukamilifu wake. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1916, mwana wa mmisionari, akakulia Kalikata na Shanghai, akapigana China na kisha Hispania kabla nchi yake haijaingia vitani. Alipokuwa Ulaya mwaka 1945 na jeshi likakubali hatimaye kuwachukua watu weusi wa kujitolea katika mstari wa mbele, sharti likawa washushwe vyeo. Naye akavua tepe zake za sajini, akawa askari mtupu, ili apate kupigana. Tarehe 23 Machi, karibu na mji wa Speyer, aliongoza watu watatu kuvuka uwanja mtupu kuelekea ghala walikojificha Wajerumani. Wenziwe wakauawa na kujeruhiwa, yeye akaendelea peke yake, akapigwa mara tano, akalala. Na Wajerumani wanane walipokuja kumteka aliwaua sita, akarudi na wawili walio hai mbele yake kama ngao. Alipewa Msalaba wa Utumishi Uliotukuka. Lakini mwaka 1949 alipotaka kuandikishwa tena alikataliwa, wala hakuambiwa kwa nini. Na ukweli ni kwamba tangu kitambo wapelelezi wa jeshi walikuwa wamemwekea jalada la tuhuma za ukomunisti, kwa sababu ya China na Hispania yake, pasipo kupata ushahidi. Akaomba kusafishwa jina, akakaa, akaomba tena. Alikufa mwaka 1963, mwenye umri wa miaka 46.

Mwaka 1993 jeshi lilikiomba chuo kikuu cha Shaw, huko Raleigh, kuchunguza kwa nini katika watu weusi zaidi ya milioni moja waliotumika katika vita vya pili vya dunia hapakuwa na hata mmoja mwenye Nishani ya Heshima. Tarehe 13 Januari 1997 Rais Clinton aliitoa kwa watu saba. Aliyekuwa hai kuipokea kwa mkono wake alikuwa mmoja tu, Vernon Baker, naye alikuwa na miaka 77. Carter alikuwa miongoni mwa wale sita wengine, na mwili wake ukahamishwa ukazikwa Arlington. Wengi wangedhani kwamba mambo yamekwisha hapo, maana nishani kuu imepatikana. Mkaza mwanawe, Allene Carter, hakudhani hivyo. Aliyadai majalada ya upelelezi, akayasoma ukurasa kwa ukurasa, akaliuliza jeshi kwa nini mtu huyu alikataliwa. Na katika kupekua ikaonekana wazi kwamba mbali na dhuluma ile kubwa, hata zile nishani ndogo ambazo kila askari mwema huzipata alikuwa amenyimwa. Mwezi Novemba 1999, katika makao makuu ya jeshi ya Pentagon, jenerali aliikabidhi familia radhi ya jeshi, kumbukumbu za utumishi zilizosahihishwa, na pamoja nazo nishani tatu zilizokuwa hazimo: ya mwenendo mwema, ya utumishi katika jeshi lililokalia nchi zilizoshindwa, na ya kampeni ya Marekani.

Kwangu mimi ile ya mwenendo mwema, iliyo nafuu na isiyong'aa, ambayo husambazwa kwa maelfu kila mwaka, ndiyo iliyokuwa nzito kupita zote siku ile, hata kupita Nishani ya Heshima. Ushujaa wake hakuna aliyewahi kuukana. Mwenendo wake ndio uliokuwa umetiwa doa, na doa lile lilikuwa limeandikwa. Basi lilifutwa kwa maandishi.

Leo wapo vijana wa Mombasa, wa Arusha, wa Bujumbura na wa Goma wanaovaa sare ya jeshi la Marekani, na baadhi yao uraia wenyewe wameupata kwa utumishi huo. Kwao nina neno moja. Siku ya kuachishwa mtapewa karatasi iitwayo DD 214, na kifungu chake cha 13 ndicho kinachotaja nishani, beji na tepe zenu. Kisomeni taratibu mbele ya karani kabla ya kutia sahihi, hata kama basi linangoja nje. Likikosekana jambo, semeni hapo hapo. Na mkigundua baadaye, fomu ya kuomba kusahihishiwa ni DD 149, haina ada, na baraza lililoundwa mwaka 1946 lingali linaketi. Nakala wekeni kwa mama zenu, si kwenu peke yenu.